Honda CG125 ya marehemu baba: niirudishe kama ilivyotoka kiwandani au niifanyie mabadiliko?

Mwana wa Pongwe

Asalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa watu wanaozifahamu pikipiki za zamani, hasa mlioko Tanga mjini, Muheza na Pangani, kwa sababu jambo hili limeigawa familia yetu na mimi ndiye niliyeachiwa uamuzi.

Marehemu baba alikuwa msimamizi katika shamba moja la mkonge, na alipostaafu aliuziwa pikipiki aliyokuwa akizungukia mashamba, Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile yenye umeme wa volti 6. Imekaa bandani Pongwe tangu alipoacha kuiendesha. Kadi ya umiliki ipo, na namba ya fremu pamoja na ya injini zinalingana na zilizoandikwa kwenye kadi. Injini inazunguka kwa kiki ila kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, ni hafifu. Tangi lina kutu ndani, ekzosi imetoboka kwa chini, kifuniko kimoja cha pembeni hakipo, na rangi ya juu imepakwa kwa brashi, si kwa kupuliza. Kava la cheni, lile la bati linaloifunika cheni nzima, lipo, ingawa limebonyea upande mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo hayakutoka Japani. La kwanza ni keria kubwa ya nyuma, iliyochomelewa kwa nondo katika karakana ya shamba, ambayo baba alikuwa akibebea madaftari ya mahudhurio, chakula cha mchana na wakati mwingine kibarua aliyeumia. La pili ni namba ya shamba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya nyuma. Bado inasomeka ukiifuta vumbi.

Mdogo wangu anataka tuigeuze kuwa kafe resa, yaani hendeli fupi ya chini, siti ya mtu mmoja iliyoinuka kwa nyuma, madigadi yaondolewe, mkia wa fremu ukatwe, na injini ya 150 ya bodaboda iwekwe mahali pa ile ya zamani. Mjomba wetu anapinga vikali. Yeye anataka irudi kama siku ilipotolewa kwenye boksi, nyekundu na yenye kromu inayong'aa, na keria ile ing'olewe kwa sababu si ya Honda. Mama amesema neno moja tu, kwamba isiuzwe.

Mimi nataka pikipiki nitakayoweza kuipanda hadi Muheza siku ya Jumapili na kurudi, bila kujilaumu baadaye kwamba nimeharibu kitu kisichoweza kurudi. Mwenye uzoefu anieleze: mashine kama hii ina thamani gani ya kuihangaikia, spea zake zinapatikana vipi, na keria ile ihesabiwe upande gani?

Fundi wa Barabara ya Nane

Waalaykum salaam, kijana wangu, na Mungu amrehemu mzee. Nimezifungua pikipiki za aina hiyo tangu ujana wangu hapa Ngamiani, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na nitaanzia kwenye injini kabla ya sura, kwa kuwa mabishano ya rangi hayana maana juu ya mashine isiyowaka.

Honda waliitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama yetu. Kabla yake walikuwa na CB125, ambayo kamshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, ilikaa juu kwenye kichwa cha silinda, na wakaona kwamba mpangilio ule haukuvumilia maisha ya watu wanaobeba mizigo mizito, wanaopita kwenye vumbi na wanaochelewa kubadilisha oili. Wakaishusha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, na valvu zikawa zinasukumwa na vijiti virefu. Cheni ya nyuma wakaifunga ndani ya bati ili matope yasiitafune. Lile kava lako lililobonyea, ambalo wengi walilitupa kwa kuona linawachelewesha wakati wa kukaza cheni, ni sehemu ya akili hiyo hiyo, na usikubali mtu yeyote aliondoe. Linyooshe taratibu kwa nyundo ya mpira juu ya gogo.

Muundo huo ndio ulionakiliwa baadaye na viwanda vya China, na nakala zake ndizo zilizojaza vijiwe vyetu vya bodaboda. Ukiona injini imepigwa chapa ya 156FMI, ile 1 ni idadi ya silinda na 56 ni kipenyo chake kwa milimita. Na ile ya 150 anayoitaka mdogo wako aghalabu huwa 162FMJ, yenye kipenyo cha 62. Kwa hiyo spea nyingi za ndani ya injini yako, kama pistoni, ringi, valvu na gasketi, utazipata madukani hapa hapa mjini, ingawa zinatofautiana sana kwa ubora na inakubidi uende na ile ya zamani mkononi ukalinganishe kwa kipimo badala ya kuamini maandishi ya boksi. Vinavyosumbua ni vya nje: vifuniko vya pembeni, nembo za tangi, mita ya mwendo na lenzi za taa za enzi hizo.

Sasa kazi yenyewe. Usiipige kiki tena hadi umimine kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kuiacha ilale usiku kucha. Skrubu za kava za injini ya Kijapani zina msalaba usiolingana sawasawa na bisibisi ya kawaida ya nyota. Bisibisi hiyo huteleza na kuitafuna skrubu, na ndiyo sababu Honda nyingi za zamani utazikuta zimechongwa kwa patasi. Tafuta ncha ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani, na kwa skrubu zilizoshika utumie bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Ukishafungua kichwa cha silinda, kwangua kaboni iliyo juu ya pistoni kwa kijiti cha mti, wala si kwa chuma, kisha usome. Pistoni ya kiwandani ina milimita 56.5. Ikiwa silinda imewahi kukerezwa, yaani kupanuliwa kwa ndani ili ipokee pistoni kubwa zaidi, utakuta juu ya pistoni pamepigwa 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, ambazo ni milimita zilizoongezwa. Namba hiyo itakuambia silinda imebakiwa na nafasi ngapi za kukerezwa.

Tangi lioshe kwa siki nyeupe. Lijaze hadi juu, liache siku moja au mbili, limwage, lisuuze kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, halafu likaushe upesi na ulizungushie petroli iliyochanganywa na oili kidogo, kwa sababu kwa hewa hii ya bahari chuma kitupu huanza kuota kutu upya kabla hujamaliza chakula cha mchana. Likiwa na tundu, asije mtu akakuchomelea tangi eti limekauka na halina petroli. Mvuke unaobaki ndio unaolipuka. Fundi mwenye kujua huliosha vizuri na kulijaza maji, akaacha wazi pale tu anapochomelea.

Jeti za kabureta ni za shaba laini. Usizizibue kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi bila wewe kujua sababu.

Kuhusu kukata fremu, siungi mkono hata kidogo. Mkia wa fremu ya CG ndio unaobeba siti, madigadi na keria, na shokapu za nyuma zimefungwa humo humo. Nimeona nyingi zilizokatwa na kuchomelewa kwa haraka, na nyufa huanzia pale pale penye weldi, kwenye makorongo. Na ile injini ya 150, hata ikikaa vizuri, itakuletea namba isiyolingana na kadi. Injini yako ina chapa inayoanza na CG125E na fremu ina CG125. Maadam zote mbili zinalingana na kadi, hiyo ni mali ambayo huwezi kuinunua tena.

Karakana ya Makorora

Shikamoo, Fundi. Pole pia kwa mwenye mada kwa kufiwa na mzazi. Mimi kazi yangu ni kuzibadilisha pikipiki, na naomba upande wa mdogo wako nao usikilizwe kwa uzito, maana mara nyingi vijana wanaopenda kazi hii huchukuliwa kuwa ni watu wa kuharibu.

Kafe resa haikuanzia kwa matajiri. Ilianzia Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 kwa vijana wa kazi za viwandani ambao hawakuwa na fedha za kununua pikipiki ya mashindano, wakazipunguzia uzito pikipiki walizokuwa nazo, wakashusha hendeli, na wakakutana kwenye mikahawa ya barabarani kama Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938 na ambayo ipo hadi leo baada ya kufungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena mwaka 2001. Wengine walichukua fremu ya Norton, iliyosifika kwa kutulia kwenye kona, wakaitia injini ya Triumph, na mseto huo ukaitwa Triton. Siku zile mwenye Norton nzima angesema huo ni uharibifu. Leo Triton iliyoundwa vizuri katika miaka hiyo inatafutwa na kutunzwa kama ilivyo, na hakuna anayethubutu kuitenganisha ili arudishe Norton yake.

Kwa hiyo ninachokikataa ni kauli kwamba kubadilisha ni kuharibu. Pikipiki hapa kwetu haijawahi kubaki kama ilivyotoka kiwandani, na hata keria ya mzee ni mabadiliko yaliyofanywa na mtu aliyeijua kazi ya shamba kuliko wahandisi wa Honda. Aidha kuna suala la usalama ambalo wapenzi wa uhalisi hulipita haraka. Taa ya mbele ya volti 6 ilitosha wakati ambapo usiku barabarani mlikuwa na magari machache. Leo ukitoka Muheza jua likishazama utakutana na malori yenye taa kali na bodaboda zisizo na taa kabisa, na ile nuru yako ya manjano haitakuonyesha shimo wala mtu. Kuibadilisha iwe volti 12 si anasa. Ila ifanywe kwa ukamilifu: stata (koili za kuzalisha umeme, si mota ya kuwashia), sumaku, rektifaya, betri, balbu zote na honi vibadilishwe kwa pamoja, kwa sababu ukichanganya nusu ya mfumo wa zamani na nusu ya mpya utaunguza balbu leo na koili kesho.

Breki za ngoma, kwa upande mwingine, mimi sina ugomvi nazo. Viatu vya breki vikiwa vipya, ngoma ikiwa ya mviringo na kebo ikiwa laini, zinaisimamisha pikipiki nyepesi kama ile bila taabu. Wengi wanaozilalamikia hawajawahi kuzifungua wakaona zimejaa vumbi na grisi.

Pamoja na hayo, nakubaliana na Fundi juu ya fremu, na nitamwambia mdogo wako jambo ambalo huenda likamtosheleza zaidi. Nendeni kwenye vijiwe vya Kange au Mabanda ya Papa mkaulizie bodaboda iliyokufa, nakala ya CG iliyochoka injini na siti lakini yenye fremu nyoofu na kadi halali. Mifupa yake ni ile ile kwa sehemu kubwa. Hiyo ndiyo akate mkia, aweke siti ya mtu mmoja, apandishe injini ya 150, na akikosea hakuna cha kulia. Nitamfundisha mwenyewe akipenda kuja. Hendeli asiishushe mno, kwani mtindo ule ulibuniwa kwa barabara laini. Akijaribu kupanda nayo kutoka Muheza kwenda Amani, viganja na mabega vitamwambia ukweli kabla hajafika katikati ya mlima.

Mkazi wa Muheza

Nyongeza fupi tu. Ikiwa kadi bado ina jina la marehemu, msianze kutumia fedha kubwa kabla ya kulimaliza hilo. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayeweza kusaini uhamisho wa umiliki TRA, na pikipiki ya zamani isiyo na karatasi safi itawasumbua kwa kila askari wa barabarani. Na yeyote atakayebadilisha injini, hata ile ya kwenye bodaboda ya mdogo wako, apeleke taarifa ili kadi isomeke namba mpya.

Mwalimu wa Chumbageni

Wanangu, nimewasoma nyote kwa furaha, nami nina neno juu ya ile keria, kwa sababu naona ndiyo kiini cha swali na imepitiwa kwa juu juu.

Mjomba anasema pikipiki irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ni hoja yenye heshima, lakini inabidi tuulize: irudi katika siku gani? Honda ile ilikuwa ya kiwandani kwa muda mfupi, kisha ikawa ya shamba la mkonge kwa miaka mingi, kisha ikawa ya baba yenu. Ukiing'oa keria na kuifuta namba ya shamba, utakuwa umeirudisha kwenye siku ambayo baba yenu hakuwa na habari nayo kabisa. Zipo CG125 nyingi nyekundu duniani ambazo zinaweza kung'arishwa hivyo, maana iliundwa Japani, Brazil na kwingineko kwa idadi kubwa mno. Iliyobeba vibarua wa mkonge kwenye keria ya nondo iliyotengenezwa na mchomeleaji wa shamba hapa hapa Tanga, hiyo haitengenezwi popote.

Wala si mawazo yangu peke yangu. Shirikisho la kimataifa la vyombo vya zamani, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hukihesabu chombo kuwa cha kihistoria kikishatimiza miaka 30 na kikitunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na hati yake iitwayo Hati ya Turin inatanguliza uhifadhi mbele ya urejeshaji. Maana yake ni kwamba kilichopo kinalindwa kwanza, na kinachobadilishwa ni kile tu kilichoshindwa kazi, na kila kazi inaandikwa kumbukumbu. Pikipiki yenu imeshapita miaka hiyo 30 zamani.

Nimeishi kuona nyumba za mawe ya matumbawe pale Pangani zilivyopigwa lipu ya saruji kwa nia njema. Chokaa ya zamani iliuacha ukuta upumue. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu yote hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Rangi nzito inayopulizwa juu ya kutu kwenye mji wa bahari hufanya vivyo hivyo, na kwa miezi ya mwanzo utaisifu kazi. Bora kutu iondolewe hadi kwenye chuma safi pale inapokula, na mahali ambapo rangi ya zamani bado imeshika, pasafishwe kwa maji baridi na sabuni laini na kupakwa nta.

Kabla hujaosha chochote, mwanangu, ipige picha pande zote. Kisha ufanye jaribio dogo. Chukua msasa wa maji ulio laini sana, namba 1000 au zaidi, usugue mahali pasipoonekana, kama nyuma ya kifuniko cha pembeni, kwa upana wa sarafu tu. Tabaka za rangi zitajitokeza moja baada ya nyingine kwa miviringo, na hapo ndipo utajua imevaa rangi ngapi na kwa mfuatano gani. Kila kitakachoondolewa, hata skrubu mbovu, kiwekwe kwenye kopo lenye maandishi. Ile namba nyeupe usiiguse kwa petroli wala tina.

Kwa ndugu yangu wa Makorora, umesema vyema kuhusu taa, na sitaki kijana wa watu aumie kwa ajili ya historia. Lakini mimi ningeshauri aiendeshe mchana tu na kuuacha umeme wa volti 6 kama ulivyo. Amesema mwenyewe kwamba safari yake ni ya Jumapili, kwenda Muheza na kurudi.

Karakana ya Makorora

Mwalimu, shikamoo. Hapo nitakupinga kwa adabu. Mtu anayetoka asubuhi hajui pancha itampata wapi, na mvua ya masika ikifunga, saa tisa alasiri kunakuwa giza. Stata na sumaku za zamani zinaweza kufunguliwa na kuhifadhiwa kwenye hilo hilo kopo lako. Hazikatwi wala hazichomelewi, na siku mtakayoamua zitarudi mahali pake kwa boliti zile zile. Waya za zamani nazo zisikatwe. Afunge seti mpya ya waya pembeni yake, na ile ya kiwandani ikunjwe na kutunzwa.

Mwana wa Pongwe

Ahsanteni sana nyote. Nimewasomea mama na mjomba majibu yenu, na tumefanya kazi ya mwanzo kama mlivyoelekeza.

Nimepiga picha, kisha nikasugua nyuma ya kifuniko kilichobaki. Juu kabisa kuna buluu ya brashi, ambayo mama anakumbuka baba aliipaka mwenyewe baada ya kustaafu. Chini yake kuna kijani iliyoiva, imepulizwa vizuri, na chini ya kijani ndipo penye nyekundu ya Honda. Mjomba aliishika ile kijani kwa kidole, akakaa kimya kidogo, kisha akasema pikipiki zote za shamba zilikuwa za rangi hiyo na yeye mwenyewe aliwahi kupakiwa kwenye mojawapo akipelekwa hospitali ya Bombo. Tangu hapo hajasema tena habari ya kung'oa keria. Tumekubaliana kwamba tutaifuata kijani: tangi na kifuniko kitakachotafutwa vitapulizwa kwa rangi inayolingana nayo, na madigadi ya nyuma hayataguswa kabisa, kutu kidogo ya ukingoni itasimamishwa na nta.

Kuhusu umeme, nimeamua kwenda na volti 12 kwa namna aliyoieleza ndugu wa Makorora, bila kukata waya wala kutoboa fremu. Mwalimu anisamehe, barabara ile naijua, na mama amesema hatalala nikiwa njiani na taa hafifu. Mdogo wangu ameshaanza kuulizia bodaboda iliyokufa kule Kange, na tangu alipoambiwa kwamba kuna mtu wa kumfundisha ameacha kabisa kuitazama Honda kwa jicho la kisu.

Kadi bado ina jina la baba. Msimamizi wa mirathi ni kaka yetu mkubwa aliyeko Korogwe, na atakuja kulishughulikia.

Fundi, jambo la mwisho ni lako. Nimefungua kichwa cha silinda, nimekwangua kaboni kwa kijiti, na juu ya pistoni nimesoma 0.75. Ukutani mwa silinda kuna mchirizi mmoja unaoshikika kwa ukucha. Je, niende moja kwa moja kwenye 1.00, au nitafute silinda ya Kichina?

Fundi wa Barabara ya Nane

Umefanya vizuri, kijana wangu, na ile kijani umeniondolea deni, maana nilikuwa nikijiuliza kwa nini pikipiki za mashamba zilizokuwa zikiletwa kwangu zilikuwa na rangi ambayo haikuwa kwenye picha yoyote ya Honda.

Usinunue kitu bado. Peleka silinda kwa mkerezaji mwenye geji ya ndani, aipime juu, katikati na chini, na kwa pande mbili zinazokatana, kwa sababu silinda huchakaa zaidi sehemu ya juu ringi zinapogeukia. Ikiwa 1.00 itaufuta mchirizi wote na kubakiza ukuta safi, nunua kwanza pistoni ya 1.00 pamoja na ringi zake, umpelekee mkononi, naye aikereze silinda kwa kuifuata pistoni hiyo hiyo. Mafundi wengine hukereza kwa namba ya kitabu kisha wakatafuta pistoni, na pistoni za madukani hazilingani kwa usahihi huo. Ikiwa mchirizi ni mzito kuliko 1.00, mwambie aivalishe slivu mpya, yaani bomba jipya la ukuta, ndani ya silinda yako ya asili na airudishe kwenye 56.5. Gharama yake ni kubwa kuliko kununua silinda ya Kichina, lakini mapezi ya kupozea yenye umbo la Honda yatabaki, na utakuwa na nafasi zote za kukereza tangu mwanzo. Silinda ya Kichina iwe njia ya mwisho kabisa, na hata hapo ile ya zamani iende kwenye kopo la Mwalimu, kama kopo hilo litaitosha.

Wakati wa kufunga, ringi zipakwe oili na midomo yake, pale zinapokatika, isikae kwenye mstari mmoja. Tapeti (uwazi wa valvu) uziweke milimita 0.08 asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, kwa jua letu la mchana bati lenyewe huwa limeshapata moto. Ikishawaka, usiikimbize hadi Muheza Jumapili ya kwanza. Izungushe kwanza Pongwe na Amboni kwa mwendo unaobadilika badilika, bila mzigo kwenye keria, umwage oili ikiwa bado ya moto na uiangalie kwenye beseni jeupe kama ina chengachenga za chuma. Ukiziona, nipigie ukelele hapa hapa kabla hujaiwasha tena.